Mirathi ya Familia Yenye Mtoto Mwenye Ulemavu: Yanayofaa Kuandikwa Mapema

Wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu wa akili, au ulemavu mkubwa wa viungo unaomfanya ategemee wengine kwa kila jambo, huwa na swali moja ambalo hawalisemi barazani: sisi tukiondoka, huyu atabaki na nani? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa mdomo. Mama husema dada mkubwa atamchukua. Baba humwambia kijana wake wa pili kwamba shamba la karibu na barabara ni la ndugu yenu, ila wewe ndiye utakayelishika. Watu huitikia, na mambo huachwa hapo.

Miaka inapopita, aliyeitikia huoa, huhamia Mombasa au Nairobi, hupata deni, au hufariki yeye mwenyewe kabla ya mgonjwa. Shamba lililoandikwa jina lake huwa mali yake mbele ya benki, mbele ya mnunuzi na mbele ya mjane wake. Hakuna aliyekusudia kudhulumu, lakini neno la baba halikuandikwa popote. Familia nyingi hufika ofisi za chifu na mahakamani katika hali hiyo, wakati wazee waliojua makubaliano wameshazikwa.

Haki ya mtoto ipo tayari

Mirathi nchini husimamiwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo haimwondoi mtoto katika mali ya mzazi kwa sababu ni wa kike, kwa sababu ameolewa, wala kwa sababu ana ulemavu. Mtu akifariki bila wosia na kuacha mume au mke mmoja pamoja na watoto, mwenzi aliyebaki hupata vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu viwe vyake kabisa. Mali iliyosalia huitumia katika uhai wake tu. Hawezi kuuza shamba au nyumba katika mali hiyo bila idhini ya mahakama. Naye akifariki, watoto wote hugawana sawa. Boma la wake wengi lina hesabu yake: mali hugawanywa kwanza baina ya nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye ekari 6 za minazi na mikorosho huko Kaloleni, mkewe ametangulia, na watoto wao ni watatu. Wawili wana kazi na familia. Wa tatu, binti wa miaka 24, ana mtindio wa ubongo, hazungumzi na hulishwa. Mzee akifariki bila wosia, binti huyo ana haki ya ekari 2 kama ndugu zake. Ni haki yake kisheria, si sadaka.

Shida ni kwamba sheria ikishampa ekari 2, haisemi nani atapalilia, nani atamlipa mkwezi, nani atauza nazi na nani atanunua dawa na nepi kwa pesa hizo. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, sehemu yake hushikwa na wadhamini hadi afikie umri huo. Baada ya hapo huhesabiwa mtu mzima anayeweza kupokea chake. Kwa mwenye ulemavu mkubwa wa akili siku ya kutimiza miaka 18 haibadilishi kitu katika maisha yake, ila ile kinga ya sheria imeondoka. Kama wazazi hawakuandika lolote, ndugu hulazimika kwenda mahakamani kuomba awekwe mtu wa kusimamia mali yake, au, kama inavyotokea zaidi, hawaendi popote na mwenye nguvu hulima.

Jina linaloachwa nje ya barua

Kesi ya mirathi isiyo na wosia huanza na barua ya chifu. Barua hiyo humweleza hakimu kwamba marehemu alikuwa mkazi wa lokesheni fulani, alifariki tarehe fulani, na ameacha mjane huyu na watoto hawa. Majina hayo ndiyo yanayoingia katika hati za kuomba usimamizi wa mirathi, ambazo kisheria zinapaswa kuwataja watoto wote walio hai bila kumbakiza hata mmoja. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida husubiri miezi 6 kabla ya mahakama kuthibitisha mgao.

Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hupotelea katika hatua hiyo ya kwanza. Hana kitambulisho, pengine hata cheti cha kuzaliwa hakikuchukuliwa. Ndugu wanaona ni usumbufu kumwandika mtu asiyeweza kutia sahihi, nao husema kwamba atakaa kwa kaka yake hata hivyo. Chifu mgeni katika lokesheni hamjui, kwa kuwa hajawahi kumwona nje ya nyumba. Barua hutoka na majina mawili badala ya matatu, na kuanzia hapo makaratasi yote huenda sawa juu ya kosa moja.

Kumficha mrithi ni sababu ya kutosha ya mahakama kufuta usimamizi uliotolewa, hata kama umeshathibitishwa. Anayeuza, kukodisha au kuchukua mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama naye anatenda kosa la jinai, na adhabu iliyotajwa katika Sura ya 160 ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno siku hizi ukiilinganisha na bei ya kiwanja kimoja cha Mtwapa, lakini kufutwa kwa usimamizi ni jambo zito: mnunuzi hujikuta katika kesi na familia huanza upya.

Kuzuia hayo ni rahisi kuliko kuyarekebisha, na kunaanza wazazi wakiwa hai. Cheti cha kuzaliwa kichukuliwe. Akitimiza miaka 18 aombewe kitambulisho cha taifa kama kijana mwingine yeyote. Asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kufanyiwa tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Ripoti ile ya daktari haifungui mlango wa misaada tu. Siku ya mirathi ndiyo ushahidi kwamba mtu huyu yupo, ni mtoto wa fulani, na mahitaji yake ni haya. Na chifu pamoja na naibu wake wafahamishwe. Si aibu mtoto kujulikana.

Si kila ulemavu unahitaji msimamizi

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa kwa nia njema. Mtu asiyeona, kiziwi, anayetumia kiti cha magurudumu au mwenye ualbino hana haja ya kushikiwa mali na mtu yeyote kwa sababu ya hali hiyo. Anaweza kuandikwa katika hati miliki kwa jina lake, kufungua akaunti, kuuza, kununua na kuandika wosia wake mwenyewe. Akihitaji mkalimani wa lugha ya ishara au mtu wa kumsomea hati, huo ni msaada wa mawasiliano tu; uamuzi unabaki wake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Ibara ya 54 ya Katiba inataka watu hawa watendewe kwa heshima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 nayo imepisha ile ya mwaka 2025.

Hata mwenye ulemavu wa akili mara nyingi ana mambo anayoyajua na anayoyataka. Kijana mwenye usonji anaweza kusema wazi kwamba hataki kuishi kwa shangazi. Mwenye hali ya Down anaweza kushika pesa ndogo za duka na kuamua atavaa nini. Mipango inayoelezwa hapa ni kwa yule ambaye kweli hawezi kusimamia ardhi au fedha nyingi, na hata huyo aulizwe kwa kadiri anavyoweza kujibu.

Mlezi ni mmoja, mdhamini ni mwingine

Ikiwa kuna jambo moja la kuchukuliwa katika makala haya, ni kutenganisha kazi mbili ambazo familia huzichanganya. Mlezi ni anayeishi na mtu huyo: kumlisha, kumwogesha, kumpeleka kliniki, kukaa naye usiku akiwa na degedege. Mdhamini ni anayeshika mali kwa niaba yake na kutoa hesabu. Dada mwenye moyo wa kulea huenda hajui mambo ya hati na mikopo. Kaka mwenye duka na daftari safi la hesabu huenda hawezi kumbadilisha nguo mtu mzima. Kazi zote mbili zikiwekwa mikononi mwa mtu mmoja, hakuna wa kumuuliza pesa zimeenda wapi. Zikitenganishwa, mlezi anayekosa pesa za dawa hupiga kelele, na mdhamini anayelipa huona kama mgonjwa amekonda.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kumteua mlezi atakayechukua nafasi yake baada ya kifo, ama katika wosia ama kwa hati maalumu ya maandishi. Ulezi wa kisheria kwa kawaida huisha mtoto anapotimiza miaka 18, lakini mahakama inaweza kuuendeleza kwa sababu ya ulemavu. Ni vyema ombi hilo lipelekwe kabla ya siku hiyo kufika. Mteuliwa aulizwe kwanza. Wapo watu waliojikuta wametajwa katika wosia bila kuwahi kuambiwa, na wana haki ya kukataa.

Kwa mtu mzima asiyeweza kusimamia mambo yake kwa sababu ya hali ya akili, njia ni Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mahakama hupokea ripoti ya daktari, huwasikiliza ndugu, kisha huteua msimamizi wa mali. Msimamizi huyo hutakiwa kuorodhesha mali na kuwasilisha hesabu, na hawezi kuuza ardhi wala kuiweka rehani bila mahakama kumruhusu. Njia hii ina ulinzi mzuri, ila ina gharama za wakili, safari za Malindi na kusubiri tarehe. Ndiyo maana wosia ulioandikwa vizuri unaokoa mengi.

Wosia na namna ya kuuandika

Mtu yeyote mwenye akili timamu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuandika wosia. Sheria haimlazimu kuwa na wakili, ingawa palipo na ardhi na mtu wa kutunzwa maisha yake yote, pesa za wakili hazipotei bure. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi au alama ya kidole na mwenyewe, ukishuhudiwa na watu wawili au zaidi. Shahidi asiwe anayepewa mali ndani ya wosia huo, wala mume au mke wake. Kama ni hivyo, sehemu aliyopewa hubatilika isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasiohusika.

Wosia wa mdomo upo, ila una mipaka ambayo wengi hawaijui. Lazima utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mtoa wosia awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu kuutamka. Maneno aliyoyasema mzee chini ya mwembe miaka 9 kabla ya kifo chake si wosia, hata kama ukoo mzima uliyasikia.

Kwa mzee wa ekari 6, kifungu kinachomhusu binti kinaweza kusomeka hivi kwa lugha ya kawaida: “Ekari 2 za upande wa kisima nawaachia wadhamini wawili, mdogo wangu fulani na mpwa wangu fulani, wazishike kwa faida ya binti yangu fulani maisha yake yote. Mapato yatumike kwa chakula chake, matibabu, mavazi, makazi, na posho ya yule anayemlea. Ardhi isiuzwe ila kwa matibabu yake au makazi yake, na wadhamini wote wawili wakubaliane kwa maandishi. Mdhamini mmoja akifariki au akishindwa, aliyebaki pamoja na wanangu wateue mwingine. Hesabu zisomwe mbele ya familia kila mwaka.”

Kifungu hicho kina mambo ambayo hayafai kuachwa. Wadhamini ni wawili ili mmoja amchunge mwenzake. Njia ya kumpata mrithi wa mdhamini imetajwa, kwa kuwa binti wa miaka 24 anaweza kuishi zaidi ya mjomba wa miaka 60. Posho ya mlezi imeandikwa waziwazi. Wengine huona haya kulipa ndugu kwa kumlea ndugu, lakini mlezi aliyeacha kibarua chake ili akae nyumbani asipopewa chochote huchoka, na anayeumia ni mgonjwa.

Swali gumu zaidi ni nani atazichukua zile ekari 2 binti mwenyewe akifariki. Jibu la haraka ni kwamba zirudi kwa ndugu zake. Hapo wazazi wafikirie tena kidogo: ndugu ambaye ndiye mdhamini na ndiye atakayebaki na shamba hufaidika kila anapobana matumizi ya mgonjwa. Wazazi wengine huamua kwamba sehemu kubwa iende kwa yule atakayekuwa amemlea hadi mwisho, yeyote awaye. Wengine huweka mdhamini mmoja asiye na fungu lolote, kama mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu au jirani mwaminifu.

Je, mzazi anaweza kumpa mwenye ulemavu zaidi ya wenzake? Anaweza. Mwenye wosia yuko huru kugawa atakavyo, mradi asiwasahau wanaomtegemea. Akiandika sababu ndani ya wosia, kwa mfano kwamba wawili wa kwanza alishawasomesha na kuwapa viwanja, huwa amewafungia njia wanaotaka kuupinga. Kwa upande mwingine, wosia uliomsahau mtoto mwenye ulemavu si mwisho wa mambo. Kifungu cha 26 cha Sura ya 160 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru atengewe fungu linalomtosha, kwa kuangalia ukubwa wa mali na mahitaji yake ya sasa na ya baadaye. Ombi hilo lazima lifike kabla ya mgao kuthibitishwa. Baada ya hapo mlango huo umefungwa.

Shamba liandikweje

Hati miliki ikitoka kwa jina la mdhamini peke yake bila maelezo, macho ya dunia humwona kama mwenye mali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu mtu aandikwe katika rejista kwa cheo chake cha mdhamini. Neno hilo moja humzindua afisa wa benki anayeletewa hati ya kukopea, na humzindua mnunuzi. Mwenye maslahi katika shamba lililokwisha kuandikwa jina la mtu mwingine bila neno hilo anaweza kuweka zuio katika ofisi ya ardhi, kisha kwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba dhamana ya kimila katika ardhi ya familia inaweza kutambuliwa hata kama haikuandikwa katika rejista. Ni uamuzi wa faraja, lakini anayeutegemea lazima alete mashahidi na avumilie kesi ndefu. Kuandika neno “mdhamini” siku ya usajili hakuhitaji hayo.

Sehemu kubwa za kaunti hii bado ardhi haina hati, au iko katika hatua za upimaji na ugavi. Familia zilizo katika hali hiyo zisidhani kwamba mipango haiwahusu. Maafisa wanapopita kuandika majina, mtoto mwenye ulemavu ambaye ana haki katika kipande hicho atajwe, na anayemwakilisha ajulikane. Jina lisiloingia katika daftari la upimaji ni vigumu kuliingiza hati zikishachapishwa.

Familia yenye nyumba za kupangisha, biashara au mashamba kadhaa inaweza kusajili amana ya familia. Marekebisho ya mwaka 2021 katika Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164, yalitambua amana ya aina hii. Mali huhamishiwa kwa wadhamini wazazi wakiwa hai, au huagizwa hivyo katika wosia, na hati ya amana hueleza nani anufaike na kwa kiasi gani. Faida yake ni kwamba mali iliyokwisha kuingia humo mzazi akiwa hai haisubiri kesi ya mirathi, hivyo matunzo ya mgonjwa hayakatiki kwa miezi ya kungoja. Kwa mwenye ekari 2 na ng'ombe wanne, gharama za kuianzisha huenda zikawa kubwa kuliko faida, na wosia unamtosha. Palipokosekana mtu wa kuaminika kabisa katika ukoo, yupo Mdhamini wa Umma, aliye chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambaye anaweza kushika mali kwa niaba ya asiyejiweza.

Familia za Kiislamu

Mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na mashauri yake husikizwa na Mahakama ya Kadhi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mtoto mwenye ulemavu hupata fungu lake kamili kama ndugu zake wa jinsia yake. Wasia una mpaka: hauzidi theluthi moja ya mali, na hauwi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Kwa hiyo baba hawezi kumwongezea mwanawe mwenye ulemavu kwa njia ya wasia peke yake.

Anaweza, hata hivyo, kumpa hiba akiwa hai, mradi mali itoke mikononi mwake kweli na kushikwa na walii kwa niaba ya mtoto. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kumzidishia mtoto kwa sababu ya mahitaji kama haya, ingawa asili ni usawa baina ya watoto, na ni vizuri kumuuliza Kadhi kabla ya kuamua. Njia nyingine ni wakfu wa familia, ambapo nyumba au shamba haliuzwi wala kurithiwa na mapato yake huenda kwa waliotajwa. Baba anaweza pia kumteua wasii wa kusimamia fungu la mtoto asiyejiweza. Haya yote yaandikwe na yashuhudiwe, kwani hiba ya mdomo huleta ugomvi uleule wa wosia wa mdomo.

Fedha ambazo wosia hauzigusi

Malipo ya kifo kutoka hazina ya uzeeni hayaingii katika mirathi. Wadhamini wa hazina huyalipa wakiangalia fomu ya walioteuliwa, na fedha za sacco nazo hufuata fomu ya aina hiyo. Wafanyakazi wengi waliijaza wakiwa vijana, kabla ya kuoa, na jina lililomo ni la mama yao aliyefariki zamani. Fomu hiyo iangaliwe sasa. Kumwandika mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa jina lake tu huleta swali la nani apokee kwa niaba yake. Waulizwe kama wanaweza kulipa kupitia amana au mdhamini aliyeteuliwa.

Kaya zilizo katika mpango wa Inua Jamii kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa hupata Sh2,000 kwa mwezi, na anayepokea ni mlezi aliyesajiliwa. Mlezi akifariki, pesa hazihamii zenyewe kwa anayefuata. Taarifa hupelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, pamoja na cheti cha kifo na vitambulisho, ili mlezi mpya aandikwe. Jambo hilo likicheleweshwa, mgonjwa hukosa msaada wakati ule ule ambao nyumba imepungukiwa.

Daftari la malezi

Hati zote hizi hazimwambii mlezi mpya kwamba binti hali ugali mkavu kwa sababu humsakama, kwamba akilia usiku ni sikio, au kwamba huogopa pikipiki. Mama anayajua, na mama akifariki yanakwenda naye. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Liandikwe anakula nini na vipi, analala saa ngapi, anaonyeshaje kwamba ana maumivu, nani anamwamini na nani hamtaki. Majina ya dawa, kipimo na saa zake yawemo, pamoja na kliniki anayohudhuria na nambari ya kadi yake. Hili ni muhimu hasa kwa mwenye kifafa, kwani kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo zinazohatarisha maisha, na wiki ya matanga ndiyo wiki ambayo dawa husahauliwa. Nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, kadi ya Baraza na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ziwekwe ndani ya jalada la daftari hilo. Halina nguvu ya kisheria, lakini mlezi atalifungua kila siku.

Pa kwenda

Mirathi zisizozidi Sh20 milioni zinaweza kusikizwa na mahakama za mahakimu, kulingana na cheo cha hakimu. Zinazozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Wasioweza kumlipa wakili wanaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Usajili wa ulemavu, mabadiliko ya mlezi na ushauri wa awali huanzia kwa maafisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo, au kwa chifu.

Wosia uliokwisha kuandikwa usomwe tena kila familia inapobadilika. Ndoa mpya ya mwenye wosia huufuta wosia wa zamani, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Mdhamini akihama nchi, mlezi akiugua au kipande cha shamba kikiuzwa, karatasi ile ifuate. Nakala moja ikae kwa wakili, benki au mtu mwingine wa kuaminika, na wadhamini pamoja na mlezi waambiwe ilipo.